Kiazi Kwenye Uma

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepanda meli nikiwa nimebeba hasira kama begi la pili.

Nimeandika habari za mahakama, za bandari, za migomo, za moto sokoni. Sasa mhariri ananituma kula. Kichwa cha habari amekiandika mwenyewe kabla sijafunga mizigo: "Milo Kumi Niliyoipenda Melini." Nikamuuliza, je, nikipenda mitatu? Akasema, penda kumi. Ni ukurasa wa Starehe. Eti nipumzike, maana nimegombana na watu wengi mno mwaka huu. Nimegombana na wawili. Wote wezi.

Tiketi ni za bure, kampuni ya meli imetoa, za watu wawili. Nimemleta Mama. Mdogo wangu amenuna: kwa nini Mama, kwa nini si yeye? Kwa sababu Mama hajawahi kula chakula ambacho hakukipika au hakukikosoa. Nahitaji mtu wa kukosoa. Mimi nimekatazwa.

Chumba chetu hakina dirisha. Mahali pa dirisha pametundikwa picha kubwa ya bahari. Mama kaitazama weee, kisha: "Wametuwekea picha ya bahari baharini." Akavuta kiti akae, kiti hakikuja — vyote vimefungwa sakafuni kwa skrubu. Akakitukana.

Chakula cha jioni, ukumbi wa sitaha ya chini. Meza yetu iko kando ya milango ya jikoni, mmoja wa kuingilia, mmoja wa kutokea. Ukifunguka, kelele za sahani na harufu ya vitunguu. Ukifungwa, piano. Mhudumu wetu ni mwanamume wa makamo, mchangamfu, anajipenda, amevaa tai ya kipepeo iliyolala upande. Mama alishambatiza Kipepeo kabla mkate haujafika. Akalipokea jina kama zawadi: "Afadhali kipepeo, Mama. Meza ile kule wananiita wewe."

Supu ya malenge. Nzito, tamu kidogo, mbegu za kukaanga juu zinalia chini ya jino. Mlo wa kwanza. Inaniudhi kuandika hivi: ilikuwa nzuri kweli.

Mama, kijiko mkononi: "Karibu, baba."

Kipepeo: "Asante, Mama. Nimeshiba."

Kama watu wote wanavyosema.

Jumapili, 9 Novemba

Asubuhi chakula cha kujipakulia, sitaha ya juu. Watu wanapakua kama wanahama nyumba. Bwana mmoja kashika sahani mbili na ya tatu kaiegemeza tumboni. Mpishi wa mayai anarusha yai juu, linageuka, linarudi kikaangoni lenyewe. Yai lenye vitunguu vya majani na jibini inayovutika. Mlo wa pili.

Baadaye nikatembezwa jikoni na afisa uhusiano wa meli. Msichana nadhifu, anatabasamu hata anapokusikiliza. Nimemwita Tabasamu, moyoni tu. Jiko safi kupita hospitali nyingi nilizoingia. Mbao za kukatia zina rangi: nyekundu ya nyama, buluu ya samaki, kijani ya mboga. Mpishi wa michuzi kaninywesha kijiko cha mchuzi wa uyoga, nikasimama pale nimefumba macho kama mjinga.

Kisha tukafika mwisho wa jiko, kwenye mashine ya kusaga mabaki. Trei zinamiminwa. Mikate ya siagi ambayo haijaguswa. Samaki mzima, limau lake bado mdomoni.

Nikasema, hicho hakijaguswa. Akasema, taratibu za afya. Nikasema, wafanyakazi hawawezi kula? Akasema wana bwalo lao, chini kabisa. Wanakula nini? "Chakula kizuri sana." Kipi? Akatabasamu. Nimeuliza mara mbili. Hakukitaja.

Jioni kuku kwa ule mchuzi wa uyoga. Mlo wa tatu, bila ubishi.

Mama: "Karibu, baba." Kipepeo: "Asante, Mama, nimeshiba." Mama akaweka uma chini. "Umeshiba lini? Tangu tuingie hujakaa wala hujameza."

"Mama, mimi nashiba harufu. Nikiongeza na chakula vifungo vitaruka, vimtoe mtu jicho."

Mama akacheka mpaka akakohoa. Lakini tuliporudi chumbani hakucheka. "Yule hajala." Ni kazi, Mama. "Kazi naijua. Nimelisha watoto saba na marafiki zao wote. Mtu akisimama mlangoni pangu wakati wa chakula, anakula. Hata aliyekuja kudai kodi alikula."

Jumatatu, 10 Novemba

Bahari imechafuka. Mezani glasi zinatambaa zenyewe. Nusu ya abiria wamelala vyumbani. Mama hana habari, anatafuna.

Ujumbe wa mhariri: nimefika mlo wa ngapi? Picha ziwe na rangi. Nisimletee siasa. — Nani kasema siasa? Nimemwandikia "samaki". Neno moja.

Na samaki mwenyewe! Ngozi imekauka kama karatasi, ndani nyama inaachana kwa pumzi tu. Siagi, limau, chumvi ya mawe. Mlo wa nne. Ningekuwa na cheo cha kutoa ningempa mpishi wa samaki.

Watu ni wachache, kwa hiyo Kipepeo akapata muda wa maneno. Mhudumu haruhusiwi kukaa ukumbini, haruhusiwi kuegemea, haruhusiwi kutafuna. "Hata ulimi ukicheza tu mdomoni, dada, unaulizwa unakula nini." Safari hii ikiisha salama anapandishwa, anakuwa mkuu wa meza. Hasimami tena na trei, anasimama na orodha ya mvinyo. Mke wake ameshatangaza mtaa mzima. "Nikikosa, sina uso wa kurudi nao. Itabidi niishi huku majini kama samaki wako."

Mara akanyooka. Msimamizi wa ukumbi anapita. Mtu mrefu, anatembea kama kameza fimbo. Anapima nafasi kati ya uma na kisu kwa kidole gumba. Wahudumu wanamwita Rula. Si mgeni wa lugha, anaongea kama mimi na Mama, mzaliwa. Nimeliweka hilo moyoni, sijui kwa nini. Tabia ya kazi.

Mama: "Karibu, baba." Kipepeo, macho kwa Rula, midomo haifunguki vizuri: "Asante, Mama. Nimeshiba."

Mama akamfuata Rula kwa macho mpaka mlangoni. Ni mbaya Mama akimtazama mtu hivyo.

Jumanne, 11 Novemba

Leo mguu wa kondoo wa kuoka, rozimari, na viazi vidogo vilivyookwa kwa mafuta ya kondoo mwenyewe. Nje vinakwaruza, ndani kama uji. Mlo wa tano. Naandika haya kwanza kwa sababu ndiyo kazi niliyotumwa. Sasa lile lingine.

Kipepeo kaweka sahani. Mama kachoma kiazi kimoja kwa uma, kakiinua. "Karibu."

"Asante, Mama. Nime—"

"Mwongo."

Kwa sauti ya juu. Piano ilikuwa imepumzika, kila mtu alisikia.

"Tangu Jumamosi nakukaribisha, unanikataa. Mimi nina nini? Nina ukoma? Mikono yangu inanuka?"

"Hapana, Mama, sheria tu."

"Sheria ya nani? Mezani hapa mkubwa nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi kula. Usipokula na mimi sili, na hiki kinarudi jikoni, na ukiulizwa kwa nini kimerudi useme ni wewe."

Uma hewani. Mkono wa Mama hautetemeki, hata umri wake huu. Kipepeo akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama — akalishwa kiazi kama bwana harusi anavyolishwa keki. Akameza bila kutafuna, macho yamemtoka. Mama akampigapiga mkono. "Haya. Umekufa?"

"Bado, Mama."

Tulicheka. Mimi pia. Nilicheka kuliko nilivyocheka mwaka huu wote.

Meza ya jirani kuna mama mmoja mwenye kidani cha mawe makubwa, anakaa vyumba vya juu vyenye roshani. Hakucheka. Aliweka leso ya mezani chini, akamwita Rula kwa kidole. Nilisikia nusu tu: mhudumu anakula kwa uma wa abiria. Uchafu. Amelipia.

Jumatano, 12 Novemba

Asubuhi katuhudumia kijana mwingine, kamwaga kahawa. Kipepeo yuko wapi? Hajui. Mama: "Karibu, baba." Kijana akakimbia. Akakimbia kweli!

Saa nne hivi Rula akaniomba tuongee. Kaniketisha kwenye kona ya ukumbi mtupu, kaniletea kahawa na biskuti ya lozi. Mpole. Samahani kunisumbua. "Nataka tu kuelewa."

Sentensi hiyo ni yangu! Ndiyo ninayoitumia kabla sijamnyonga mtu. Na bado nikaikalia kama mwanafunzi.

Akauliza, je, Mama alisema karibu? Ndiyo. Akauliza: huyo mhudumu ameambiwa karibu mara ngapi tangu safari ianze? Kila mlo. Na hujibu nini? Asante, nimeshiba. Kisha, taratibu, huku ananyoosha kijiko changu: "Wewe ni mwandishi, dada, unajua uzito wa neno. Kwetu sisi, mtu anayekula akimwambia mpita njia 'karibu', kwa kawaida anatarajia aje ale?"

Nikajibu kwa usahihi. Huo ndio ugonjwa wangu. Nikasema, kwa kawaida, hapana. Kwa kawaida ni adabu. Mtu hujibu asante akapita.

"Asante sana," akasema. Akainuka. Hata kahawa yangu haikuwa imepoa.

Mchana nikayasikia kwa Tabasamu. Mhudumu amepatikana na kosa la kudokoa chakula cha abiria. Kudokoa! Neno la paka na watoto wenye njaa jikoni. Anashushwa bandari ya Jumamosi, safari yake imekwisha. Na abiria mwenyewe amethibitisha kwamba ile karibu haikuwa mwaliko.

Abiria mwenyewe. Yaani mimi.

Nimemwambia Mama. Ilibidi. Alikuwa anashona kifungo cha blauzi, hakuinua macho.

"Ulimwambia nini?"

"Ukweli."

"Ukweli gani?"

"Kwamba kwa kawaida mtu akiambiwa karibu—"

"Kwa kawaida!" Sindano ikabaki hewani. "Nilimwambia karibu kwa kawaida, mimi? Nilimshikia uma mdomoni kwa kawaida? Nilimtukana mwongo kwa kawaida?"

"Aliuliza kuhusu kawaida, Mama."

"Na wewe, msomi wangu, ukashindwa kumwambia kwamba jana haikuwa kawaida."

Akakata uzi kwa meno.

Sina la kuandika kuhusu chakula cha jioni. Nilikula. Sijui nini.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeamka na hasira. Nimekwenda moja kwa moja kwa Rula. Alikuwa anapanga vikombe, vishikio vyote upande mmoja.

Nikasema nimekuja kuongeza maelezo. Akasema yameshafika juu. Nikasema uliniuliza kawaida, hukuniuliza juzi. Akasema aliuliza, nikajibu, na mimi ni mtu wa maneno. Nikasema Mama alikuwa pale, ndiye aliyekaribisha, kwa nini hakuna aliyemuuliza? "Mama ni mtu mzima. Hatukutaka kumsumbua."

Hawakutaka kumsumbua! Wamechukua neno la mdomo wake, wamempa mtu mwingine alifasiri, halafu hawataki kumsumbua.

Nikamuuliza: mama yako wewe alikufundisha ukiambiwa karibu useme nini?

"Asante, nimeshiba."

Na ukishikiwa uma mdomoni?

Akageuza kikombe kimoja ambacho kishikio chake kilikuwa kimeshakaa sawa. Nikaona anajua. Anajua kabisa! Huyu Rula angekuwa mgeni ningemsamehe nusu. Lakini amechukua adabu ya mama zetu, kaifanya kamba, kamfunga nayo mtu.

Kipepeo nimempata chumba cha kufulia, sitaha ya chini kabisa, anakunja leso za mezani. Joto, mvuke, mashine zinanguruma. Hana tai. Bila tai shingo yake nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Karibu, dada," akasema. Kisha: "Samahani. Neno limenitoka tu."

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi. Akaendelea kukunja.

"Wewe si ndiye uliyesema kwa kawaida?"

"Ndiye."

"Hukudanganya. Ndilo linaloniuma. Ungedanganya ningekutukana, nikapumua."

Akanikabidhi rundo la leso, nikajikuta ninakunja na mimi. Pembe kwa pembe. Akazikunjua zangu, akazikunja upya. Anashushwa keshokutwa, na kila meli atakayoomba kazi itauliza hii ilimwacha kwa nini. Itajibiwa: mdokozi. Hakuna meli inayochukua mdokozi. Na mke wake na ule mtaa mzima.

Nikasema nitaiandika. Gazeti zima. Akaacha kukunja kwa mara ya kwanza.

"Usithubutu. Ukiandika nitakuwa yule mdokozi wa gazetini. Sasa hivi ni mdokozi wa meli moja tu." Mwenye kuifuta adhabu hii ni nahodha peke yake, akasema. Lakini nahodha anakisikia kinachomfikia, na kinachomfikia kinapita kwa Rula.

Nikiwa mlangoni akaniita. "Dada. Kiazi chenyewe hakikuwa na chumvi." Akacheka. Si kicheko kizuri.

Jioni Tabasamu katufuata mezani. Kesho tumealikwa meza ya nahodha, heshima kubwa, mlo wa mwisho. Akainama, harufu ya marashi: makala yakitoka mazuri, na hili jambo dogo likabaki dogo, huenda watu wa juu wakaliangalia kwa jicho jingine. "Mambo hujipa yenyewe, dada."

Nikamuuliza hiyo ni ahadi au ni kwa kawaida. Hakuelewa. Akatabasamu.

Hasira nyingine: hiyo jioni ilikuwa na keki ya chokoleti, ukiikata katikati inatoa uji moto. Ndiyo tamu kuliko vyote nilivyokula hapa. Mlo wa sita na wa mwisho, sihesabu tena. Mhariri apende minne iliyobaki yeye mwenyewe.

Mama hakuigusa. Hajagusa kitu cha ukumbi huu tangu jana. Anakwenda kila mlo, anakaa, anaagiza, kinaletwa, kinapoa. Na kila mhudumu anayepita anamwambia, kwa sauti nzuri kabisa: "Karibu, baba. Karibu, mama." Wameanza kuzunguka mbali. Meza yetu imekuwa kama ina ndui. Chumbani anakula mkate aliotoka nao nyumbani, umekauka kama tofali.

"Mama, utaumwa."

"Nimeshiba."

Ijumaa, 14 Novemba

Asubuhi. Nimejaribu kumfikia nahodha. Ofisi yake iko nyuma ya mlango usio na kitasa upande wetu. Nimeambiwa nitamwona jioni. Nimesema nataka kumwona sasa. Nimeambiwa jioni, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Mhariri: milo kumi iko wapi? Sijajibu.

Alasiri. Mama amevaa gauni la harusi ya kaka yangu. Amepaka mafuta mikononi. Nikamwomba tusifanye fujo, nitaongea mimi, najua kuongea na wakubwa. Akanitazama kwenye kioo. "Umeshaongea."

Jioni, mezani. Naandika daftari likiwa pajani, chini ya kitambaa cha meza. Mkono umezoea.

Meza ya duara. Nahodha, mfupi, mnene, macho mekundu ya mtu asiyelala, sauti ya upole. Mama wa kidani kulia kwake. Mama kushoto kwake — wamemweka hapo kwa ajili ya umri. Kisha mimi, kisha Tabasamu. Rula amesimama nyuma ya kiti cha nahodha, mikono mgongoni.

Kondoo tena. Rozimari. Viazi vile vile.

Nahodha kafungua mikono: "Haya, jamani. Karibuni, karibuni."

Wote wameshika uma. Mama kaweka mikono yake mapajani. "Asante, baba. Nimeshiba."

Nahodha akacheka. "Mama! Hujagusa kitu."

"Nimeshiba."

"Usiniaibishe mbele ya wageni, Mama yangu. Karibu."

Mama akamgeukia mwili mzima, kiti kikalia. "Unanikaribisha kwa kawaida, au unataka nile?"

Uma zote zimesimama. Tabasamu ametoa tabasamu, halijapata mahali pa kutua.

"Nataka ule," nahodha kasema. Hacheki tena.

"Naogopa. Nikila, huyu mrefu aliye nyuma yako ataniita mdokozi."

Nahodha hakugeuka. Kauliza tu, mbele yake, kama anaiuliza sahani: "Ni nini hii?"

Rula kaeleza. Vizuri, kwa mpangilio, sentensi fupi. Mhudumu, uma wa abiria, malalamiko, maelezo ya shahidi. Mama wa kidani katikisa kichwa: ni uma ule ule, aliuona kwa macho yake. Nahodha akasema kumbe ni hicho kiazi, aliambiwa tu wizi wa chakula. Rula kasema shahidi mwenyewe yupo hapa.

Nahodha kanitazama. "Mwandishi. Alimkaribisha au hakumkaribisha?"

Nimesema: alimkaribisha. Akakataa. Akamkaribisha tena. Akakataa. Akamwambia mwongo, akamshikia uma mdomoni, akamwambia na yeye hali mpaka ale. Mimi niliulizwa kuhusu kawaida. Ile haikuwa kawaida. Nimesema hivyo hivyo, na sauti yangu ilipanda, na sikuishusha.

Rula: "Maelezo ya kwanza hayakuwa hivyo."

Mimi: "Maelezo ya kwanza uliyakata mkia!"

Nahodha kainua kidole. Kamwambia yule kijana wa kumwaga kahawa: mlete.

Tunasubiri. Nyama inapoa, mafuta yanaganda pembeni mwa sahani. Mama wa kidani anauliza kama lazima haya yafanyike wakati wa kula. Mama anamjibu kwamba wakati wa kula ndio wakati wake.

Amekuja. Kipepeo, mlangoni, shati la chumba cha kufulia, shingo wazi. Mikono imekunjamana kwa maji. Hajamtazama Mama. Anamtazama Rula, kwa mazoea.

Nahodha: "Sogea."

Amesogea mpaka ukingoni mwa meza.

Nahodha amechukua uma wake. Wake mwenyewe, alioutumia. Amechoma kiazi kimoja kwenye sahani yake. Ameinua.

"Karibu," kasema.

Sauti ile ile ya upole. Nimemtazama usoni, mimi niliyezitazama sura nyingi za mahakimu na mawaziri, na sijui. Huenda anamkaribisha. Huenda anampima. Akila, amekula kwa uma wa mtu ukumbini, mbele ya nahodha na abiria, na Rula shahidi. Asipokula, basi Rula alisema kweli, karibu ni adabu tu na mtu hujibu asante akapita.

Rula ameanza kutabasamu, kidogo, upande mmoja.

Mama amesema polepole: "Baba." Basi. Hakuongeza.

Uma uko hewani. Mafuta yanadondoka kwenye kitambaa cheupe. Mkono wa nahodha, naona, unatetemeka. Wa Mama haukutetemeka.

Kipepeo ametazama kushoto. Ametazama kulia. Anafungua mdomo —